Vipawa Visivyoonekana

Kipawa ni zawadi ya ajabu. Hakirithiwi kama shamba, hakinunuliwi kama kanzu, wala hakiazimwi kwa jirani kama kinu. Huingia katika jumba la tajiri na katika chumba cha kupanga cha mchukuzi wa bandarini bila ya kubisha hodi, na aghalabu hukaa humo siku nyingi kabla ya wenyeji kujua kwamba wana mgeni. Lakini ingawa huja bure, kipawa hakikui bure. Ukitaka mfano, njoo Feri jioni, hapa kwetu Mombasa, wakati watu wanapoteremka kwenda kuvuka Likoni. Utaona watoto wakinunua mabuyu yaliyotiwa rangi na sukari. Humumunya utamu, kisha hutema kokwa njiani, na umati hupita juu yake. Si mbali na hapo, kando ya bahari katika Mama Ngina, imesimama mibuyu minene ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia hata robo yake. Kila mmoja katika miti hiyo ulianza kwa kokwa kama hizo zinazotemwa. Tofauti haikuwa katika kokwa. Ilikuwa katika mahali zilipoangukia.

Nataka kusema nawe juu ya watoto wenye vipawa katika shule zetu za umma: nani huwatambua, nani huwasaidia, na nini huwapata wasipotambuliwa. Mimi ni mwalimu, na shule ninayofundisha haiko mbali na Feri hiyo niliyoitaja. Wanafunzi wangu wengine hutoka Mji wa Kale. Wengine huvuka kutoka Likoni kila alfajiri, kwa kuwa aendaye kwa miguu halipi nauli ya feri. Usidhani kuwa habari hii ni ya walimu na wakubwa wa elimu peke yao. Wewe uliye katika dawati una sehemu yako ndani yake, tena sehemu ambayo mwalimu hawezi kukufanyia.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi wakisikia habari ya mtoto mwenye kipawa humfikiri yule anayeshika nambari ya kwanza. Kushika nambari ya kwanza ni jambo jema, na simnyimi mtu sifa yake. Lakini mtihani hupima vitu vingi kwa pamoja: akili, bidii, afya, taa ya nyumbani, lugha ya baba na mama, na kama mtoto alikula asubuhi. Mwenye kipawa kikubwa aweza kupungukiwa na vitano katika hivyo akawa wa arobaini. Dalili zake, basi, hazina budi kutafutwa pengine. Huuliza swali ambalo halimo kitabuni. Hushika jambo kwa kuambiwa mara moja, kisha huchoshwa na marudio, na uchovu wake huonekana kama utundu. Hupenda jambo moja kupita kiasi akayapuuza mengine yote. Wengine husema mno. Wengine hunyamaza kama jiwe. Katika vyumba vya walimu nimesikia watoto wa namna hii wakiitwa wajuaji, watoro, wenye kiburi na wavivu. Walipewa majina mengi, ila lile lililo lao.

Nitakupa mfano wa mtu wa mji huu huu. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baba yake alifariki mwaka 1947, kijana akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule Ali alipata daraja la tatu, na daraja hilo halikutosha kumpeleka Makerere. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Fikiri, msomaji. Mtihani ulikuwa umekwisha kutoa hukumu yake, na hukumu yenyewe ilikuwa kwamba hapa pana karani.

Ukarani si kazi ya aibu, na wengi wamelea watoto kwa kalamu hiyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana huyo alipewa nafasi ya kuhutubia katika sherehe ya Maulidi, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo gavana wa Kenya wa wakati ule. Gavana alivutiwa na hotuba ile, na kutokana na siku hiyo mlango wa masomo ya ng'ambo ukafunguka. Mwaka 1955 Ali alikwenda Huddersfield, Uingereza, kukamilisha elimu yake ya sekondari. Mwaka 1960 alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1961 shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Na mwaka 1966 udaktari wa falsafa, Oxford. Makerere ambayo haikumpokea kuwa mwanafunzi ilimpokea kuwa profesa. Aliandika vitabu vingi mno, na mwaka 1986 filamu zake juu ya historia ya Afrika zilionyeshwa katika televisheni za Uingereza na Marekani. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa nyumbani kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu, mahali ambapo wanafunzi wangu wengine hupita kila siku wakienda shule.

Kisa hiki husimuliwa mjini kwa furaha, na ni haki kufurahi. Lakini mimi kila nikisimuliwa huingiwa na hofu. Je, kama siku ile ya Maulidi gavana angalishikwa na homa? Kama msemaji angalichaguliwa mwingine? Tena kumbuka kwamba Ali alikuwa mwana wa Kadhi. Jina lake lilijulikana, na mimbari haikuwa mbali naye. Mwana wa mvuvi mwenye akili ile ile angalipanda jukwaa gani? Mtu mmoja aliokotwa kwa bahati, nasi tunamjua. Walioachwa hatuwezi kuwahesabu, kwa kuwa asiyeonekana hahesabiki.

Wala usifikiri kuwa chekeche la namna hii huvuja kwetu tu. Mwaka 1921, huko California, Marekani, mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Lewis Terman, alianza kazi kubwa ya kukusanya watoto wenye akili nyingi ili awafuatie maisha yao. Aliwataka walimu wamtajie watoto wao bora, kisha akawapima kwa maswali. Alipata zaidi ya elfu moja, na wengi wao walikuja kuwa watu wa maana. Lakini katika wale waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango walikuwamo wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na wa pili mwaka 1968. Katika wale elfu na zaidi waliochaguliwa, hapana hata mmoja aliyeipata tuzo hiyo. Terman hakuwa mjinga, na kipimo chake hakikuwa cha ovyo. Kilipima kilichoweza kupima, na watu wakakidhania kimepima yote.

Hapa Kenya chekeche letu kwa muda mrefu lilikuwa mtihani wa darasa la nane, KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023. Katika miaka yake ya mwisho alama zilikuwa 500. Kwa alama hizo mtoto alipewa shule, na kwa shule mara nyingi alipewa maisha. Sitautukana mtihani huo. Umewatoa watoto wengi wa maskini katika vijiji ambavyo gavana hatii mguu, na hilo ni jambo ambalo wenye kuulaani husahau upesi. Lakini nimeuona kwa karibu, na nitakueleza nilichokiona.

Palikuwa na mvulana katika darasa langu ambaye jina lake nalihifadhi. Mama yake alikuwa akiuza viazi karai na mihogo ya kukaanga katika mteremko wa Feri, naye alimsaidia baada ya masomo mpaka usiku kuingia. Darasani alikaa nyuma. Siku moja, baada ya kipindi cha sayansi, alinijia akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini feri haiendi Likoni moja kwa moja? Mbona huelekea kando, kisha ikafika pale pale?"

Wewe uliyepata kuvuka pale, je, umewahi kuliona jambo hilo? Maelfu huvuka kila siku, wakitazama simu zao au mizigo yao. Mvulana huyu alilitazama kwa miezi. Nilipomuuliza ameona nini zaidi, alinionyesha jalada la nyuma la daftari lake la Kiswahili. Alikuwa amepiga mistari akatia nguzo tatu: saa, dakika za safari, na hali ya maji. Katika nguzo ya tatu aliandika kujaa au kupwa, na pembeni akatia alama siku za bamvua. Dakika alizihesabu kwa simu ya mama yake, kati ya mnunuzi na mnunuzi. Aligundua kwamba siku za bamvua, maji yakienda kwa nguvu, feri hushika mshazari zaidi na kuchelewa. Siku za maji mafu hupinda kidogo tu. Na kwamba kuna kitambo, kujaa kunapokwisha na kupwa hakujaanza, ambapo chombo huvuka karibu sawasawa. Hakuna aliyemwambia. Wala hakujua kuwa jambo hilo lina jina.

Wewe wa sekondari umekwisha kulisoma au utalisoma: mwendo wa chombo na mwendo wa mkondo hujumlishwa, na nahodha hana budi kuelekeza chombo upande ule maji yatokako ili jumla ya myendo miwili imfikishe gatini. Katika vitabu huchorwa kwa mishale. Mvulana huyu wa darasa la saba alikuwa ameikaribia mishale ile kwa kutumia macho, saa ya simu na jalada la daftari.

Alama zake? Zilikuwa za wastani, na za Kiingereza chini ya wastani. Nyumbani kwao husemwa Kidigo, mtaani Kiswahili, na Kiingereza alikutana nacho darasani tu, katikati ya wenziwe sitini na saba. Kwa kuwa maswali ya hisabati huandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi alishindwa na swali kabla ya kuifikia hesabu yenyewe. Nilimsomea maswali kumi ya namna hiyo kwa Kiswahili. Akayajibu tisa bila ya kushika kalamu.

Tulifanya tulichoweza. Nilimtafutia kitabu cha fizikia cha kidato cha pili, na kila Jumatano tulikaa nacho nusu saa pamoja na kamusi. Msaada mkubwa zaidi, hata hivyo, haukutoka shuleni. Katika mtaa wetu yuko mzee aliyestaafu kazi ya vyombo, ambaye kutwa hukaa barazani akitazama mlango wa Kilindini kama mtu anayesoma gazeti. Nilimpelekea mvulana. Mzee alilitazama jalada la daftari kwa muda mrefu, akauliza, "Hivi umevihesabu wewe?" Kisha akaanza kumfundisha pepo na mikondo, kusi na kaskazi, na namna mkondo unavyokuwa mkali katikati ya mlango na mlegevu kando. Nilikwenda kama mwalimu nikarudi kama mwanafunzi, maana nusu ya mambo yale sikuyajua.

Alifanya mtihani wa KCPE mwaka 2022. Kiingereza kilipanda, na jumla ikapanda nacho, lakini si kwa kadiri ya kuita magazeti. Tulijaza fomu ya kuomba ufadhili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Fomu ilikuwa na mahali pa alama, pa kipato cha mzazi, pa sahihi ya chifu na pa mhuri wa shule. Hapakuwa na mahali pa kueleza kuwa mtoto huyu amepima maji ya Likoni. Nilichapisha nakala ya jalada nikaibana nyuma ya fomu. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, maneno machache: hakufikia alama. Basi aliingia shule ya sekondari ya kutwa, na mpaka sasa mama yake hulipa gharama za shule vipande vipande, kwa viazi. Mwalimu wake wa fizikia amelichukua lile daftari akalipiga jalada la plastiki. Hilo ni jambo dogo, lakini najua lilivyomwingia kijana.

Labda utauliza, je, serikali haina habari na watoto hawa? Inayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 huwataja wanafunzi wenye vipawa maalumu katika kundi moja na watoto wenye ulemavu, yaani miongoni mwa wale wanaohitaji elimu ya mahitaji maalumu. Watu wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Kwao kipawa ni utajiri, na tajiri hahitaji kusaidiwa. Lakini walioandika sheria hiyo walikuwa na busara: mtoto asiyefuata mwendo wa darasa kwa kuwa ni mwepesi mno naye pia ameachwa, ijapokuwa ameachwa mbele. Shida ni umbali uliopo kati ya karatasi ya sheria na darasa la watoto sitini na wanane. Katika chuo nilikosomea ualimu tulifundishwa vizuri namna ya kumwinua mtoto mzito. Mlango wa watoto wepesi ulikuwa wa mwisho kitabuni, na muhula uliisha kabla yake.

Mtaala mpya unaoshika nafasi ya ule wa zamani una ahadi nzuri. Katika sekondari ya juu mwanafunzi hushika njia moja kati ya tatu: ya sayansi, teknolojia na hisabati, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Mchoraji na mkimbiaji sasa wana mlango wenye jina lao. Nafurahi. Ila mtaala hauna macho. Macho ni ya watu. Mwalimu akilazimishwa kujaza karatasi nyingi za maendeleo ya watoto sitini na wanane, ataishia kuzitazama karatasi.

Nini basi kifanywe? Liko jaribio moja la Marekani ambalo hulikumbuka mara kwa mara. Katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, watoto walikuwa wakiingizwa katika madarasa ya wenye vipawa kwa kupendekezwa na walimu au wazazi. Waliopendekezwa walikuwa, kama unavyodhani, wengi wao watoto wa wenye nafasi. Kuanzia mwaka 2005 wilaya ikaamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili, bila ya kungoja pendekezo la mtu. Watoto wa maskini waliotambuliwa wakaongezeka zaidi ya maradufu. Watoto hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwapo siku zote, ila hapakuwa na mtu wa kuwasemea. Sitaki tulete mtihani mwingine. Tunayo ya kutosha. Nataka lile neno "wote". Anayetazamwa kwa zamu huonekana. Anayengojewa ajitokeze huenda asijitokeze kamwe.

Kuna watu waadilifu wanaopinga maneno haya, nami nawaheshimu. Husema: kumpa zaidi aliyekwisha kupewa na Mungu ni upendeleo, mwalimu wa shule ya umma ni wa wote, na anayezama ndiye wa kuokolewa kwanza. Ningalikubaliana nao kama kipawa kingaliweza kujilisha. Lakini mtoto wa mwenye mali akiwa na kipawa, wazazi wake humtafutia mwalimu wa nyumbani, vitabu, kompyuta na shule ya karo kubwa. Mtoto wa muuza viazi ana shule ya umma, basi. Shule hiyo ikisema "huyu atajiweza", imesema neno la usawa kwa ulimi, na kwa matendo imeamua kwamba vipawa vitakuzwa katika nyumba za watu wa namna moja. Huo ndio upendeleo ninaouona mimi.

Tena msaada wenyewe si lazima uwe wa fedha nyingi. Kumrusha mtoto darasa ni njia ya zamani, na wakati mwingine hufaa, lakini mimi huiogopa kidogo: akili huruka, mwili na moyo hubaki, na mtoto hujikuta mdogo miongoni mwa wakubwa wasiomtaka mchezoni. Mara nyingi hutosha kumpa swali gumu zaidi badala ya kumpa maswali kumi zaidi ya yale yale, maana hayo ya pili ni adhabu iliyovishwa nguo ya sifa. Hutosha kitabu kimoja. Hutosha mtu mmoja anayejua jambo ambalo mwalimu halijui, na katika mji wa bandari watu hao hawakosekani: mafundi wa majahazi, mafundi wa mitambo, washairi, wachoraji wa milango. Na pale ambapo fedha ni lazima, mfano upo. Mwaka 1959 huko Nairobi, Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianzisha Starehe kwa vibanda viwili vya bati, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala njiani. Starehe ilikuja kuwa moja ya shule zenye sifa kubwa kabisa nchini, na wengi wa wanafunzi wake wamesoma bila ya kulipa karo.

Jambo moja la kuhadharisha. Mtoto akitambuliwa, asigeuzwe kuwa pambo la shule. Nimeona watoto waliosifiwa kila siku kwa akili zao mpaka wakaogopa kujaribu jambo ambalo huenda wakashindwa, wasije wakavunja jina. Sifa ya bidii hubeba. Sifa ya akili, ikizidi, huelemea. Wala mwenye kipawa si mtu bora kuliko jirani yake. Ni mtu mwenye deni jingine tu.

Sasa nimefika katika sehemu yako, msomaji.

Mwalimu humwona mwanafunzi akiwa mbele ya mwalimu. Wewe humwona katika kiwanja, njiani, katika matatu na katika masomo ya usiku. Unajua nani hukuelezea hesabu ukamwelewa kuliko ulivyomwelewa mwalimu. Unajua nani hutunga mashairi nyuma ya daftari, nani hutengeneza redio zilizokufa, nani hukumbuka neno kwa neno lililosemwa muhula uliopita. Wataalamu wa elimu wanalijua jambo hili, na baadhi ya shule duniani huwauliza wanafunzi wenyewe. Wakati mwingine hata kuulizwa si lazima. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa msichana wa nyumbani katika nchi ya Nyeri, akimsaidia mama yake. Kaka yake ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari hasomi kama wao. Swali hilo moja la mtoto lilimfikisha shuleni. Mama alikuwa na akili ya kulisikia, lakini ilipasa mtu alitamke.

Kwetu limetokea hivi karibuni jambo la aina hiyo. Katika Gredi ya Nane yuko msichana mpole, asiyeinua mkono, ambaye hukosa shule siku mbili au tatu kila wiki. Vitabu vya mahudhurio vilimwita mtoro, na alama zake zilikuwa za katikati. Siku moja rafiki yake alibaki nyuma wenzake walipotoka, akasema, "Mwalimu, mimi hesabu sikufundishwa na wewe. Yeye ndiye hunifundisha, kwao, usiku. Hata mlango ambao hatujaufika ameumaliza." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kana kwamba anamsaliti, "Hapendi ijulikane."

Nilikwenda kwao Mji wa Kale jioni ile ile. Anaishi na shangazi yake, ambaye hutoka alfajiri kwenda kupika maandazi katika mkahawa, na ndani ya nyumba mna wadogo watatu. Shangazi alinikaribisha kwa adabu, akanipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu mwanangu, mimi sina neno na kusoma kwake. Hata leo akasome. Lakini hawa wadogo, nani atawatazama?"

Hakuna sheria ya mwaka wowote iliyonijibia swali hilo. Lililojibiwa lilijibiwa na rafiki yake, ambaye alikwenda kwa bibi yake mzaa mama, mtaa wa pili, akamwomba awatazame wawili siku za Jumatatu hadi Jumatano. Bibi alikubali kwa sharti kwamba waletwe wamekwisha kula. Siku mbili zilizobaki bado tunazitafutia njia. Muhula ulipofunguliwa msichana alikuja siku ya kwanza kabla ya kengele, na yule mdogo wa mwisho mgongoni, kwa kuwa bibi hakuwa tayari kumchukua anayetambaa. Mtoto amelala chini ya dawati juu ya leso, na dada yake amenyoosha mkono ubaoni.